Waliocheza dansi Tabora (na sisi wa tango): tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Hapa Tabora mjini tuko watu saba, kila Jumapili tunajifunza tango, ile dansi ya wawili wawili ya Argentina, kwenye baraza ya jirani. Mwalimu ni video za kwenye simu. Mama mkwe alipoambiwa tunakwenda kwenye tango aliuliza tunalima ekari ngapi.

Juzi mzee mmoja wa Isevya alipita, akasimama, akacheka: "Mnahesabu hatua kama wapima viwanja!" Akaegemeza fimbo ukutani, akamwomba mke wangu wacheze, akatembea naye taratibu hadi wimbo ukaisha. Kumbe ujana wake ulipitia kwenye madansi ya Kiko Kids na Nyanyembe, bendi za hapa hapa Tabora. Tango hajawahi kuiona, ila kumwongoza mwenzake anajua. Mimi miezi minne bado namkanyaga.

Waliocheza enzi zile, au waliosimuliwa na wazazi, leteni visa.

Mjukuu wa Reli: Babu alikuwa kibarua wa reli. Treni ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na yeye alikuwa akisema ilileta chumvi, dagaa na wapiga gitaa. Hilo la mwisho si utani, maana mwanamuziki Shem Karenga mwenyewe alitoka Kigoma ndipo akaja kuwika na bendi ya Tabora Jazz, wana wa mtindo wa Segere Matata. Babu alikuwa na suruali moja ya dansi. Ilinyooshwa kwa pasi ya mkaa Ijumaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Wanangu, hamjambo. Hiyo tango yenu mwanamke anaombwaje?

Mwenye uzi: Shikamoo bibi. Kwao Buenos Aires mwanamume anamtazama mwanamke kutoka mbali. Akiitikia kwa kichwa, wanainuka. Akigeuza macho, yameisha, hakuna aliyejua. Na wakishaanza wanakaa pamoja nyimbo tatu au nne mfululizo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Marahaba. Wana akili hao. Kwetu mtu alivuka ukumbi mzima, akainama mezani kwako watu wakitazama. Ukimkataa, kurudi kitini kwake kulikuwa kurefu kuliko safari ya Kigoma. Nilimkataa mmoja mara mbili. Ya tatu nikamhurumia, na ndiye babu yenu.

Wa Ujiji: Sisi wa Kigoma tuna neno. Bandoneoni, kile kinanda cha kukunjua kinacholia kwenye tango, jina lake limetokana na Heinrich Band, Mjerumani wa Krefeld. Wahamiaji wakakipeleka Argentina. Kwao Mjerumani aliacha kinanda, kwetu akaacha Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Nawaonea wivu kidogo, kinanda hakihitaji dizeli.

Mwenye uzi: Hahaha. Bibi, Jumapili saa kumi na moja unakaribishwa, na babu pia.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Babu magoti. Nitakuja mimi. Huyo mzee wa Isevya, anavaa kofia ya kijivu?