Tupeane uzoefu: kazi uliyopewa ofisini kwa sababu tu wewe ni mwanamke

MhasibuChoka
Jumatatu tulikuwa na mkutano na wateja, Upper Hill, Nairobi. Wanaume watano, mwanamke ni mimi peke yangu. Mkubwa akanigeukia: "Madam, utatuandikia kumbukumbu, na uangalie kama chai iko tayari." Hesabu walizokuwa wakijadili nilizitengeneza mimi. Nikiwa bado na birika mkononi, mteja akauliza swali la kodi, akamwelekezea kijana wa atachimenti, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi. Ana wiki mbili pale!

Nanyi yamewahi kuwapata? Mlifanyaje? Yale ya "vumilia tu dada" nimeshayasikia nyumbani.

FundiStima
Kilimani, mwenye nyumba alinikuta na bisibisi mkononi akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ameenda kula. Nikafunga soketi zote za jikoni, nikawasha, ndipo nikampa bili.

Siku hizi bei tunaandikiana kabla sijafungua mkoba. Mjengoni, mkikubaliana kwa mdomo na wewe ni mwanamke, jioni pesa imepungua.

MamaPacha
Yangu si ya chai. Nilikuwa kiwandani, Industrial Area, kwa mkataba wa miezi sita sita. Nilikuwa nimetia sahihi mpya juzi tu tumbo lilipoanza kuonekana. Msimamizi akaniambia kwa upole kabisa, "Nenda upumzike, tutakupigia." Simu haikulia.

Shangazi yangu aliwahi kuwa karani kwa wakili. Akanikataza kurudi kule kubembeleza. Andika barua, uliza umesimamishwa kwa nini, na nakala yako igongwe muhuri wao. Mlinzi wa geti alikataa kuipokea mara mbili, mara ya tatu nikaenda na shangazi mwenyewe (ukimwona utaelewa kwa nini ilipokelewa). Kisha ofisi ya leba, na nakala, hati za mshahara na kadi ya kliniki.

Huko ndiko nilikojua kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29, inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na cha 46 kinasema mimba si sababu ya kukufuta. Afisa akawaandikia, wakanirudisha. Baada ya kujifungua nikapelekwa kufunga maboksi, pesa ileile, ila mashine niliyoijua ilishapewa mtu. Maziwa nilikuwa nakamulia chooni, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Hilo la chumba sikulipigania. Nilikuwa nimechoka.

BabaWawili
Mwanaume hapa. Nilimwonyesha mwenzangu wa kike hati yangu ya mshahara. Kazi moja, tulianza mwezi mmoja, na nilikuwa nimempita kwa elfu kumi na mbili. Akaandika barua akitaja kifungu cha 5 cha hiyohiyo Sheria ya Ajira, malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Aliyeitwa ofisini kwanza ni mimi, eti nimetoa siri ya kampuni. Januari akaongezwa. Mimi hadi leo mkubwa hajibu salamu yangu.

DadaWaPili
Mhasibu, mimi chai niliikataa waziwazi nikabatizwa "yule mkali". Usianze na kukataa. Pendekeza zamu ya kuandika kumbukumbu, majina yabandikwe ukutani, na la mkubwa liwemo.

FundiStima
La mkubwa? Utangoja sana.

MhasibuChoka
@DadaWaPili pendekezo la zamu limekubaliwa! Jina la mkubwa halimo, FundiStima ulijua. Leo alikuwa yule kijana wa atachimenti, akatoa mistari minne, tarehe yenyewe amekosea. Mkubwa akaniletea "nizipitie kidogo". Nimemrudishia kijana, na kalamu nyekundu juu.

MamaPacha, hiyo namba ya shangazi nitaiomba faraghani.