Tupeane uzoefu: kushinda siku nzima kwenye mafungu ya mchanga ya mto Ruvuma, Kilambo (Mtwara)

Mwana wa Mikindani
Wakuu, kiangazi ndicho hiki, watu wameanza kushuka Kilambo na masufuria. Wanaoujua mto wamwage hapa: nini huharibu siku kule?

Nahodha Mstaafu
Maji. Mamba baadaye. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Watu wanavuka kijito cha nyuma, maji kifundoni, wanalikuta fungu kubwa kama uwanja wa mpira, wanatandika mkeka kule chini penye mchanga mgumu. Wanasahau bahari inafika pale; hata pantoni la kuvukia Msumbiji lilikuwa likingoja maji yajae. Mwanzoni yanapanda kidogo, hakuna anayeshtuka. Kuanzia saa sita hadi saa nane, pilau liko jikoni, ndipo yanapokuja kwa fujo: karibu nusu ya ujazo wote huingia humo. Na hayaanzii mbele ya mkeka. Yanajaza kijito cha nyuma kwanza, wote wakiwa wametazama mtoni. Wakija kugeuka, kimefika kiunoni na kinavuta. Mwenye mtoto begani ndiye huanguka, maana mchanga unamomonyoka chini ya nyayo. Chomekeni kijiti ukingoni mwa kijito mkifika, mtu akitazame kila robo saa. Maji yakikigusa, pilau limeiva halijaiva, pakieni.

Binti Nanguruwe
Hapo kwenye kijito cha nyuma umemaliza, mzee.

Chuma cha Kitaya
Wengine wanabeba jedwali la saa za maji kujaa na kupwa la bandari ya Mtwara. Mtoni maji hujaa kwa kuchelewa kuliko bandarini, msilifuate dakika kwa dakika.

Babu Korosho
Jedwali la nini? Tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku ongeza dakika 50.

Chuma cha Kitaya
Babu, na mvua zikinyesha Songea? Mto unaanzia milima ya Matogoro, huko huko Songea. Huku jua kali, maji yanashuka ya matope. Mwezi utakwambia hilo?

Babu Korosho
Na jedwali lako litakwambia?

Fundi Tairi
Mkimaliza, wenye magari: shusheni upepo wa tairi hadi psi 18 KABLA ya kuingia mchangani. Gari likizama usikanyage mafuta, unachimba kaburi. Fukua mbele ya tairi zote nne, laza makuti, toka polepole.

Binti Nanguruwe
18 kwa tairi za mjini? Zinachomoka kwenye rimu. 22 inatosha.

Fundi Tairi
Zinachomoka ukikata kona kwa mbwembwe, dada. Na jaza tena kabla ya kukimbia barabarani.

Mama Perege
Mnagombania upepo, samaki anaparuliwa ukingoni! Matumbo na magamba yazikwe mbali na maji. Kuchota, tumia ndoo ya kamba, wala usirudie pale pale. Mamba hukariri mahali.

Nahodha Mstaafu
Sahihi. Na kabla ya kutandika kichakani, kagua njia. Mifereji miwili yenye tuta la nyasi katikati si ya baiskeli, ni ya kiboko. Jioni anapanda kula, na ukikaa kati yake na maji hakuna mazungumzo.

Mwana wa Mikindani
Kijiti kiwe na urefu gani, Nahodha?

Nahodha Mstaafu
Mkono mzima, nusu uzamishe mchangani.

Babu Korosho
Kisiwe cha mshikaki tu, watakichomoa.