Mbwa wangu anakula majani kila asubuhi, nimpeleke kwa veterineri?

Mama wa Nguba:
Salamu ndugu zangu, niko Bukavu. Mbwa wangu Kapteni ana miaka 2. Tangu mvua ianze, kila asubuhi yuko nyuma ya nyumba anakula majani. Anainamisha kichwa upande, anakata yale marefu kwa meno ya nyuma, anameza. Jana katapika povu la manjano, majani mazima ndani yake. Jirani anasema namnyima chakula. Imeniuma, maana kila jioni anapata bugali na samaki wadogo wa sambaza. Sasa paka naye ameanza kung'ata maua ya sebuleni. Nisaidieni.

Mjukuu wa Kadutu:
Pole mama. Babu alituambia mbwa akila majani tumbo linamsumbua, anajitibu.

Mfugaji Goma:
Ndugu yangu, wengi wanaamini hivyo, nami niliamini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 1,500. Karibu 7 kati ya 10 walisema mbwa wao hula majani kila siku au kila wiki. Waliowaona wakiugua kabla ya kula hawakufika hata 10 kwa 100, na wanaotapika baadaye ni kama 22 kwa 100. Hao watafiti wanaona ni tabia ya kurithi kutoka kwa mbwa mwitu: nyuzi za majani zinachangamsha utumbo na kusukuma minyoo nje. Kwa hiyo mama, usimpige, wala jirani asikuumize roho. Ila mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na asile palipopuliziwa dawa ya wadudu. Akikataa chakula, akiharisha au akitapika mara kwa mara, hapo mpeleke.

Hayo maua ya paka ni ya namna gani?

Mama wa Nguba:
Meupe, makubwa, petali 6, katikati yana unga wa kahawia unaochafua nguo. Yalibaki kwenye harusi ya mdogo wangu.

Mfugaji Goma:
Mama, hayo ni malisi, yaani mayungiyungi (lily)! Yatoe sasa hivi, na maji ya chombo uyamwage. Kwa paka ni sumu ya figo, hata ule unga akijilamba manyoya. Usingoje aonekane mgonjwa, siku 2 au 3 zinatosha figo zake kushindwa kazi, naye akafa asipotibiwa.

Mama wa Nguba:
Nimeyatoa. Ana unga huo kwenye sharubu. Nimemfuta kwa kitambaa chenye maji, nimemtia kwenye kikapu, tunashuka kwa veterineri.