The Sixth Sense kwa watu wanaojua mwisho wake: itawashika bado?

Mwana_Himbi (Goma)
Jambo wandugu. Kikundi chetu cha sinema hapa Himbi kinataka kuonyesha The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, ile ya 1999. Watazamaji wengi wanajua tayari kwamba daktari Malcolm ni marehemu. Je, itawashika? Na mtafsiri wetu wa mikro, anayetafsiri kwa sauti filamu ikiendelea, afanye nini asiivuruge?

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Itawashika zaidi, maana filamu hii haidanganyi. Mara ya pili mtu anatazama jinsi alivyochezewa. Mgahawani Malcolm anaketi bila kuvuta kiti, na bili ikija Anna, mke wake, ndiye anayeichukua. Waambie watu kabla ya kuanza: baada ya Malcolm kupigwa risasi mwanzoni, hesabuni ni nani anayemjibu isipokuwa Cole, mtoto anayemtibu.

Tena jibu limewekwa wazi hospitalini. Cole anasema wafu hawajui kwamba wamekufa, na kamera inausogelea uso wa Malcolm. Tunamhurumia mtoto, ndiyo maana hatulioni. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi mkubwa kuliko mwisho wenyewe.

Mikro_Kamalondo (Lubumbashi)
Kuhusu mtafsiri: hatari ni sarufi yetu. Mama yake Cole anapomwambia mtoto kuhusu muda wa chakula, Malcolm ameketi palepale. Kwa Kiingereza huwezi kujua kama anasema na mmoja au wawili. Kwa Kiswahili lazima uchague: "una saa nzima", kamwe si "mna". Ukisema "mna", umeifanya filamu idanganye. Vilevile Anna akitamka heri ya kumbukumbu ya ndoa yao, usiongeze "mume wangu", kwani anajisemea peke yake. Na pale Malcolm anapoongeza sauti ya kaseti ya mgonjwa wake wa zamani ili kusikia mnong'ono wa Kihispania, mikro izimwe kabisa.

Mwana_Himbi
Asanti sana, Yaya na Mikro. Umeme ukikatika? Tuna jenereta.

Mikro_Kamalondo
Jenereta itaumeza huo mnong'ono. Tumieni batiri. Filamu ina dakika 107, karibu saa 1.8. Projekta ya wati 200 na spika za wati 50 zinakula kama wati-saa 450. Ongeza upotevu wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa batiri uwe kama wa nyumbani, fika 530. Batiri ya madini ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1200, lakini usishuke chini ya nusu, yaani 600. Inatosha, ikiwa nzima na imejaa. Iliyochoka itazima kwenye dakika kumi za mwisho, pete ya ndoa inapoanguka sakafuni.

Yaya_Kadutu
Msianze kabla ya saa moja usiku, na madirisha yafunikwe kwa kitambaa kizito. Picha ni nyeusi sana: mwanga ukipenya, kitasa chekundu cha mlango wa chumba cha chini ya nyumba kinaonekana kahawia, na pumzi ya Anna inayofuka kwa baridi mwishoni haionekani kabisa.