Miguu hujaa kila jioni: nipunguzeje maji mwilini kwa njia za asili?

Mshonaji

Salamu kwenu nyote. Kazi yangu ni ushonaji, na siku nyingi nakaa mbele ya cherehani kuanzia asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama. Kwa miezi minne sasa, kila ifikapo jioni miguu yote miwili hujaa kuanzia kwenye vifundo, viatu hukataa kuingia, na soksi huacha alama iliyozama kwenye ngozi kana kwamba nilifungwa kamba. Nikibonyeza muundi kwa kidole gumba, kishimo hubaki kwa muda. Asubuhi huamka miguu ikiwa imenywea. Jirani mmoja amenishauri nipunguze kunywa maji, na mwingine ameniletea majani ya kuchemsha ambayo anasema hutoa maji yote kwa siku tatu. Kabla sijayanywa naomba kuuliza: ni njia zipi za asili ambazo kweli husaidia? Nina umri wa miaka 41 na sina mimba.

Muuguzi Mstaafu

Pole, dada, na umefanya vyema kuuliza kwanza. Kuvimba miguu yote miwili jioni na kunywea asubuhi kunaelekea zaidi kwenye kukaa kuliko kwenye ugonjwa, ingawa bado unapaswa kupimwa. Damu iliyoshuka miguuni hupandishwa kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu: kila unapokanyaga, misuli hiyo huikamua mishipa ya vena, na vali ndogo zilizomo ndani huzuia damu isishuke tena. Ukikaa bila kusogea, damu hutuama, msukumo ndani ya mishipa midogo huongezeka, na majimaji huchujika kuingia kwenye nyama. Kama cherehani yako ni ya umeme, basi mguu mmoja tu ndio unaogusa kanyagio, na hata huo haujongei kiasi cha kutosha.

Kila baada ya nusu saa, inua visigino na kuvishusha mara 20, kisha simama utembee dakika mbili au tatu. Jioni lala chali, miguu ikiwa juu kuliko moyo, kwa dakika 15 hadi 20. Mto mmoja hautoshi. Weka miwili au mitatu, na magoti yakunjwe kidogo. Soksi za kubana nazo husaidia, mradi zivaliwe asubuhi kabla mguu haujajaa. Mwenye kisukari au mzunguko hafifu wa damu miguuni asizivae kabla ya kuchunguzwa.

Usipunguze maji ya kunywa. Mwili unapoyakosa, hutoa homoni inayoiamuru figo iyazuie. Wanaopimiwa maji ni wagonjwa wa moyo au figo walioelekezwa hivyo na daktari.

Kijiko Kimoja

Mimi naomba kusisitiza chumvi. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi inapozidi, kiu huongezeka na figo huzuia maji ili uwiano wake katika damu usivurugike, kwa hiyo atakayehangaika na maji akaiacha chumvi atarudi pale pale. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai. Siku moja nilijaza kijiko hicho asubuhi, nikakimimina kwenye kibakuli, nikaapa kwamba chumvi yangu ya siku nzima itatoka humo tu. Kibakuli kilikauka kabla sijapika chakula cha jioni, na hapo sikuwa nimehesabu mkate wala vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo vimejaa chumvi. Niliviacha vidonge hivyo kabisa, nikawa natumia ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Wiki za mwanzo chakula kilikuwa chapwa, baadaye ulimi ukazoea, na pete iliyokuwa ikinibana kila jioni sasa inazunguka kidoleni.

Matunda na kunde huongeza potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa sodiamu. Mwenye ugonjwa wa figo asiiongeze bila ushauri, na ajihadhari na chumvi mbadala, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Mwenye Presha

Ndugu yangu, kagua pia dawa unazotumia. Mimi nilibadilisha chakula mwezi mzima bila nafuu, kumbe chanzo kilikuwa amlodipini niliyopewa kwa ajili ya shinikizo la damu. Sikuiacha mwenyewe, daktari ndiye aliyenibadilishia, na vifundo vikarudi hali yake.

Mshonaji

Nawashukuru sana. Sikutaja kwamba nameza diklofenaki karibu kila siku kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Je, inahusika? Na yale majani?

Muuguzi Mstaafu

Inahusika sana, dada, na ningelijua ningelianza na hilo. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, huifanya figo izuie chumvi na maji, na yaweza kupandisha shinikizo la damu. Nenda ukapimwe shinikizo, protini kwenye mkojo na kreatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu, ukieleza wazi umeimeza kwa muda gani. Majani yaweke kando: hakuna ajuaye kipimo chake, na kama kweli yanakojoza, yatakupotezea madini pamoja na maji wakati figo zako tayari zimeelemewa.

Usisubiri hata siku moja ukiona mguu mmoja tu umevimba na unauma, ukikosa pumzi unapolala chali, uso ukivimba asubuhi, mkojo ukitoa povu lisiloisha, au uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu. Mgongo nao mtajie daktari siku hiyo hiyo, ili upate matibabu mengine, na urekebishe urefu wa kiti chako mpaka nyayo zikae bapa sakafuni na usilazimike kuinama juu ya kitambaa.