Tupeane uzoefu: uliyepoteza harufu na ladha kwa korona, zilikurudia vipi?

Wakuu, habari za leo. Korona ya 2021 ilipita nyumbani kwetu, homa na kikohozi vikaisha, ila pua ya mke wangu haijakaa sawa hadi leo. Nikianza kukaanga vitunguu anatoka nje, kwake vinanuka uozo. Majirani wameshamhesabia mimba mbili ambazo hazikuwepo. Hospitali aliambiwa tu "itarudi". Waliopitia hili mwageni uzoefu. Mabishano ya chanjo na mabeberu yana nyuzi zake, hapa tusamehewe.

Mpishi wa Shughuli, Tanga
Kaka mpe pole shemeji. Mimi napika pilau za harusi. Asubuhi moja nakaanga vitunguu, moshi nauona, mlio nausikia, harufu hakuna! Na pua haijaziba, napumua vizuri kabisa. Nikalamba chumvi, naipata kwa mbali. Pilipili inawasha. Pilau yenyewe sasa, unatafuna karatasi. Kazi sikuacha, watoto watakula nini? Nikawa napika kwa macho: kitunguu kikishakolea rangi natia kitunguu saumu na tangawizi, kuonja anaonja binti yangu. Wateja hawakujua. Kilichonitisha ni gesi. Mpira wa mtungi unavuja, nimekaa hapohapo nachambua mchele, mtoto anaingia kutoka shule ananiuliza, "Mama, husikii gesi?" Tangu hapo napaka povu la sabuni kwenye mpira kabla ya kuwasha, likitoa mapovu siwashi. Harufu ilirudi yenyewe kidogokidogo, ndimu ikatangulia.

Mbeba Boksi, Leicester
Huku Uingereza serikali iliiweka hali hii ya kupoteza harufu kwenye orodha ya dalili za korona Mei 2020, sisi wa nyumba za wazee tulishaipata kabla. Unabadilisha nepi za watu wazima husikii kitu, wenzako wanakuonea wivu. Kahawa ndiyo imenishinda, hadi leo inanuka mpira ulioungua.

Tabibu wa Zamu
Kwa mafua ya kawaida pua inaziba, harufu haifiki juu. Korona ina njia yake. Kirusi hushambulia hasa seli zinazozihudumia neva za harufu kule juu puani, maana hizo ndizo zenye kipokezi cha ACE2 kinachompa mlango. Neva zenyewe mara nyingi husalimika, ndiyo maana wengi hurudiwa ndani ya wiki chache. Zikiumia huota upya, na katika kuota zinaweza kuunganika ovyo. Hapo ndipo kahawa, vitunguu na nyama choma hunuka uozo. Kitaalamu ni parosmia. Shemeji hajarogwa wala hana mimba.

Kinachoshauriwa sana ni mazoezi ya kunusa. Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake walichapisha utafiti wake 2009, korona haijazaliwa. Harufu nne: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Asubuhi na jioni, kila moja sekunde kama 20, huku unajikumbusha ilivyokuwa inanukia. Walau miezi mitatu. Hayamsaidii kila mtu, ila hayana gharama. Nyungu hufungua pua iliyoziba, na hii haijaziba, mtajiunguza bure.

Bi Marashi, Unguja
Karafuu tena! Wazungu wanaagiza, sisi tunazo kwenye makopo. Mie nauza udi, pua ndiyo mtaji. Ilipopotea nikawa nautia udi chetezoni hadi mume wangu analalamika moshi, mie naona bado haujashika. Nilifanya mazoezi hayo kwa karafuu, ndimu, mafuta ya mkaratusi na marashi ya waridi kwenye mrashi. Karafuu ilikuja kwanza, si harufu bali mwasho nyuma ya pua, harufu ikafuata baadaye sana. Asumini hadi leo naisikia nusu. Udi mpya nampa mwanangu aukague, siwezi kuuza nisichokijua.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana. Mke wangu anauliza, vitunguu navyo aviingize kwenye mazoezi?

Tabibu wa Zamu
Aanze na asivyovichukia. Vitunguu na vya kukaanga aviache kwa sasa. Ale wali, viazi, mtindi, na chakula akiache kipoe kwanza, cha moto hutoa harufu zaidi. Akianza kupungua uzito, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, msisubiri tena.