Seti ya kuanzia gofu: mpya ya boksi au mtumba? Nipo Mafinga

Kinyanambo_B: Wakuu, salaam. Nataka kuanza gofu, nitakuwa napigia Mufindi kule kwenye chai. Mfukoni laki saba. Kuna seti mpya ya boksi inatoka Dar, fimbo 12 na begi. Kuna mtumba upo hapa hapa, aini (fimbo za kichwa cha chuma) namba 4 mpaka 9 na wedji mbili (za mapigo mafupi ya kupandisha mpira juu), shafti, yaani mipini, za chuma, begi limechoka. Picha ya mtumba hiyo hapo. Nichukue ipi?

chai_na_ukungu: Mtumba. Ila mkuu, urefu? Umri? Umeshapiga hata mpira mmoja au ndiyo unaanzia dukani?

Uyole_Juu: Na hizo aini, mgongoni mwa kichwa zimechimbwa au ni bapa? Picha haionyeshi. Bapa ni za waliokwisha kujua: ukigusa mpira nje ya katikati vidole vinakufa ganzi na mpira unaishia hapo mbele ya viatu. Zilizochimbwa uzito umepelekwa pembezoni, ukikosea kidogo mpira bado unaenda.

Kinyanambo_B: Futi 5 inchi 7, miaka 38. Zimechimbwa. Sijawahi kupiga.

Mzee_wa_Shafti: Usidanganywe na mng'aro wa boksi. Kuna seti ya aina hiyo ilishushwa Makambako kwa basi, begi zuri, kofia za fimbo zote zipo. Wiki ya tatu kichwa cha aini 7 kikakatika shingoni na kutua mbele kuliko mpira. Muuzaji akasema mchezaji amepiga ardhi. Sasa aini isipopigwa ardhini ipigwe wapi? Kilichokuwepo ni vichwa vya zinki vilivyopakwa rangi ya chuma. Shingo ya zinki ni nyepesi kuvunjika. Draiva nayo, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, iliandikwa titani, lakini sumaku ikaganda. Titani haishiki sumaku, kwa hiyo ile ilikuwa chuma cha kawaida.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Kichwa cha aini kisiposhika, tilia shaka zinki. Kisha shika shafti kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, zungusha. Kikicheza hata kidogo, gundi imekufa. Angalia kile kiringi cheusi cha plastiki shafti inapoingilia: kikiwa kimepanda na kuacha mwanya, uliza kwa nini. Gundi ikiachia inatengenezeka: toa kichwa, kwangua gundi ya zamani yote ndani ya tundu na kwenye ncha ya shafti, paka epoksi ya mirija miwili, acha saa 24. Ile ya dakika tano usiiguse. Na begi lisikae kwenye buti la gari juani, joto linailegeza.

Njombe_Baridi: Mimi ningesema shafti za grafaiti, zile za nyuzi za kaboni. Nyepesi, na asubuhi ya Juni mikono haitetemeki kila ukipiga.

Mzee_wa_Shafti: Grafaiti ya mtumba huoni ufa mpaka ivunjike. Chuma kikipinda unakiona kwa jicho moja, kama unavyochungulia ubao. Aangalie tu shafti iwe na herufi R, ya ugumu wa kawaida. S ni ngumu zaidi, ya wenye kasi.

Uyole_Juu: Halafu pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iko wapi? Mtumba hauna! Hesabu ya kila shimo imeweka mapigo mawili ya pata, mashimo 9 ni mapigo 18. Tenga hela yake kwanza. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, wewe zitakutosha sita: haibridi (ya kupigia mbali badala ya aini ndefu), aini 7, aini 9, wedji ya kawaida, ya mchanga yenye mwinamo wa nyuzi 56, na pata. Aini 4 na 5 ziache nyumbani zikae na mwavuli.

chai_na_ukungu: Na draiva?

Njombe_Baridi: Mufindi ni zaidi ya mita 1,800, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali wenyewe. Draiva ya nini?

Uyole_Juu: Unaenda mbali kwa anayepiga kwa nguvu. Mgeni anapata mita chache tu. Na asubuhi ya baridi mpira wenyewe unakuwa mgumu, faida inaliwa.

Njombe_Baridi: Hata mbali ukienda unaingia kwenye chai. Anunue mipira ya tabaka mbili, ya bei ndogo, ganda gumu. Ya ganda laini ni kulisha mashamba.

chai_na_ukungu: Na glovu mbili, moja ya mvua. Ukungu ukishuka, ya ngozi inateleza kama bamia. Kama unapigia kulia, glovu ni ya mkono wa kushoto, wasikuuzie nyingine.

Kinyanambo_B: Hapo nimechanganyikiwa. Mimi ni mashoto.

Mzee_wa_Shafti: Mkuu! Hilo ndilo la kuanzia. Rudi kwenye picha yako: hizo zote ni za kulia.

Kinyanambo_B: Kwani haziwezi kugeuzwa?